Dude Lina Adabu Yake

Kwa Kiswahili, dude ni kitu kikubwa ambacho jina lake hatulijui au hatuna muda wa kulitafuta. "Hebu toa hilo dude mlangoni." Likipunguzwa linakuwa kidude, na hapo Mzanzibari atamkumbuka marehemu Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wetu, aliyeimba hadi uzeeni na kufariki Aprili 2013. Ndiyo maana Mswahili akiliona "dude" la Kiingereza kwenye ujumbe wa simu, ulimi unataka kulitamka kwa silabi mbili, na akili inauliza kwa nini Mmarekani amwite rafiki yake dude. Hilo la kwao lina silabi moja, duud, na halina undugu wowote na letu. Ila ni neno zito. Mtu anaweza kuishi Marekani miaka mingi, akasoma magazeti yao, akajaza fomu zao bila msaada, na bado neno hili lisimkae mdomoni.

Ninafundisha Kiingereza jioni katika mji mmoja wa jimbo la Ohio. Wanafunzi wangu wengi ni Wakongo na Warundi waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na wachache ni Watanzania na Wakenya waliokuja kwa njia nyingine. Mchana wanafanya kazi kwenye maghala ya mizigo, hotelini, kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kiingereza cha vitabu wanakijua kuliko wanavyokubali. Kinachowasumbua ni kile kinachosemwa wakati wa mapumziko, watu wakiwa na kahawa mkononi, ambacho hakuna kitabu cha sarufi kilichowahi kukigusa.

Kijana mmoja mzaliwa wa Uvira alikuja darasani na karatasi. Alikuwa ameandika kila mara ambayo msimamizi wake wa zamu alimwita "dude" siku hiyo. "Mwalimu," akaniuliza, "ile neno inamaanisha nini? Ananiita hivyo kila saa, na kila saa uso wake ni mwingine."

Tulikaa na ile karatasi darasa zima. Asubuhi alipoingia, msimamizi alilivuta neno kidogo huku kidevu kikipanda: hiyo ilikuwa salamu, na ilitosha kabisa. Saa tatu paleti yenye maboksi ya maji ya kunywa ilianza kuegemea upande aliokuwa amesimama kijana. Safari hii neno lilitoka fupi na kali, na aliruka nyuma kabla hajajua kwa nini. Mchana, wakila, alimweleza msimamizi kwamba kaka yake amenyimwa viza. Yule mzungu alitua uma, akalisema neno kwa sauti ya chini, akaliacha liishe lenyewe, na hakuongeza chochote. Hiyo ilikuwa pole. Jioni alichelewa kurudi kwenye mkanda wa mizigo, na "dude" ikapanda mwishoni, nyusi juu: kweli wewe, leo tena?

Darasa lilicheka, halafu mama mmoja wa Bujumbura akasema jambo ambalo nimeendelea kulitumia katika kufundisha: "Basi ni jamani." Na kweli ni jamani. Neno hilo tunalisema kila siku bila kujiuliza lina kazi ngapi. Jamani ya kuomba watu watulie, jamani ya msiba, jamani ya kumwambia mtu amezidi, jamani ya kumwona mtoto mzuri. Anayekuja kujifunza Kiswahili akifungua kamusi ataambiwa ni kihisishi cha kuwaita watu au kuonyesha mshangao, na atabaki pale pale. Maana inakaa kwenye sauti, kwenye uso, na kwenye kilichotokea sekunde moja kabla. Tofauti ni kwamba jamani humwelekea yeyote, hata Mungu, hata ukuta, wakati "dude" humchagua mtu na kumwambia kwamba wewe na mimi tuko usawa mmoja.

Huo usawa ndio unaofanya neno hili lipendwe na pia liwe la hatari. Ili kuuelewa inafaa kujua lilikotoka, kwa sababu lilianza likiwa kejeli.

Mwezi Januari 1883 gazeti la New York World lilichapa shairi la Robert Sale Hill kuhusu aina mpya ya kijana aliyeonekana mitaani New York: mwana wa tajiri, suruali ya kubana, viatu vyenye ncha, kifimbo mkononi, na Kiingereza cha kuigiza watu wa London. Huyo ndiye aliyeitwa dude. Mwaka huo neno lilisambaa magazetini. Dar es Salaam ya wazee wetu ingemwita brazameni, na vijana wa baadaye wangemwita sharobaro, na maneno yote hayo yana sumu ile ile tamu: unamcheka mtu kwa kujipenda huku ukimtazama shati. Gerald Cohen na Barry Popik, waliokusanya ushahidi wa neno hili kwa miaka mingi, wanaona kwamba limekatwa kutoka "doodle," ile ya wimbo wa Yankee Doodle wa karne ya 18, uliomcheka mshamba wa Marekani aliyechomeka unyoya kwenye kofia akajiona yuko sawa na watanashati wa Ulaya. Mimi nakubaliana nao.

Magharibi ya Marekani neno likabadilika kidogo. Wachunga ng'ombe waliwaita dude watu wa mjini waliokuja na mabegi mazuri na kushindwa kupanda farasi. Ndugu watatu wa familia ya Eaton, waliokuwa na ranchi kule Dakota, walianza kuwapokea wageni wa aina hiyo kwa malipo miaka ya 1880, kisha mwaka 1904 wakahamia Wolf, Wyoming. Biashara hiyo bado ipo, na bado inaitwa dude ranch. Mgeni analipa ili akaitwe jina ambalo zamani lilikuwa la kumsimanga.

Sehemu ya historia ninayoisisitiza darasani ni ile inayofuata, kwa sababu mara nyingi inarukwa. Miaka ya 1930 na 1940 vijana wenye asili ya Meksiko kule Los Angeles, waliojiita pachuco, pamoja na vijana weusi wa mijini, walivaa suti pana za mabega makubwa, koti refu hadi magotini, suruali iliyojaa juu na kubana kwenye kifundo cha mguu. Kwao kuvaa vizuri hakukuwa kichekesho. Walilichukua neno la kuwasimanga watanashati wakaanza kuitana nalo wenyewe kwa wenyewe, kwa upendo. Juni 1943 mabaharia wa jeshi la majini na askari wengine waliingia mitaa ya Los Angeles wakawapiga vijana hao na kuwavua zile suti barabarani, na wengi waliokamatwa na polisi walikuwa ni wale waliopigwa. Kutoka kwa pachuco na vijana weusi, neno likaja kuwafikia vijana wa Kizungu, wakiwemo wale wa California wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na filamu za miaka ya 1980 zikalitangaza nchi nzima kana kwamba wao ndio waliolizaa. Wanafunzi wangu wanapodhani "dude" ni neno la watoto wa Kizungu wa ufukweni, nawaambia kwamba ule ukaribu uliomo ndani yake, wa kuitana ndugu pale ambapo wengine wanakudharau, ulipikwa na watu waliokuwa wakivuliwa nguo hadharani. Wana haki nalo sawa na yeyote.

Scott Kiesling, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alifanya kwa utaratibu kile ambacho kijana wa Uvira alifanya kwa karatasi yake. Mwaka 2001 na 2002 aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika "dude" 20 za kwanza walizozisikia katika siku tatu: nani kaisema, kamwambia nani, katika hali gani. Walikusanya zaidi ya mifano 500, na mwaka 2004 akachapisha makala kuhusu neno hilo moja katika jarida la American Speech. Kuna waliocheka kwamba profesa anapoteza muda. Mimi naona ni kazi ya heshima kubwa. Laiti mtu angefanya vile kwa "mwanangu" ya Dar es Salaam au "msee" ya Nairobi, na kutuonyesha ni lini hasa mzee alikoma kuwa mzee akawa msee, mtu yeyote tu wa rika lako.

Alichokikuta Kiesling ni kwamba wanaume walilitumia zaidi, na zaidi kwa wanaume wenzao. Wanawake walilitumia pia, hasa wakiwa na wanawake wenzao, na mara nyingi pale wanapopeana pole au kulalamika pamoja. Halikutumika sana kwa mzazi, kwa bosi, kwa mwalimu. Hilo tungelitegemea. Lakini halikutumika sana kwa mpenzi pia. Neno la rafiki wa karibu linamwogopa mchumba! Maelezo yake ni kwamba vijana wa kiume wa Marekani wanabanwa na mambo mawili: wanatakiwa kuwa pamoja na wenzao, na wanatakiwa wasionekane wanapendana kupita kiasi. "Dude" inawapa ukaribu wenye nafasi katikati. Inasema niko upande wako, na inaishia hapo.

Kwetu Waswahili hili ni geni kidogo. Wanaume wa kwetu hushikana mikono barabarani wakitembea na kuzungumza, na hakuna anayegeuza shingo. Mtu anamwita rafiki "mwanangu" au "mdogo wangu" bila hofu ya kuonekana ana mapenzi mengi. Ndiyo maana mwanafunzi wangu akitafsiri moja kwa moja, akamwita mfanyakazi mwenzake "my brother" kila baada ya sentensi, Mmarekani anaweza kuhisi anasogelewa haraka mno. Hajakasirika. Anatafuta tu ile nafasi ya katikati, na neno lenye nafasi hiyo ndani yake ni "dude."

Sasa, adabu yake. Mtu aliyelelewa na shikamoo anadhani lugha ya mtaani haina adabu, kila mtu humrushia kila mtu. Si hivyo. Kati ya wageni na wenyeji wa neno hili kuna sheria ambazo hakuna aliyeziandika na kila mtu anazilinda. Bosi anaweza kuanza; wewe usianze. Akishakuita hivyo kwa siku kadhaa, nawe umeshajua sauti yake ya furaha na ya hasira, unaweza kulirudisha wakati wa furaha, na usilirudishe wakati wa hasira. Hulipeleki msibani isipokuwa kwa rafiki wa rika lako, mkiwa pembeni, na hapo linasemwa kwa sauti ya chini. Mhudumu wa dukani kijana atakuita hivyo na wewe una miaka hamsini. Hajakudharau, lakini wewe ukimwita hivyo mganga wa zamu hospitalini umemshusha. Katika kugombana lina kazi mbili zinazopingana: mtu anaweza kuliweka mwishoni ili kulainisha anachokisema, "umesimama kwenye njia yangu, dude," kwa sauti ya kirafiki, na mtu mwingine anaweza kusema maneno hayo hayo kwa sauti kavu na ikawa ndiyo mlango wa ngumi. Mwanafunzi wangu lazima azijue sauti zote mbili. Akiijua ya kwanza tu, atatabasamu mbele ya mtu anayetaka kumpiga.

Na lina sarufi. Wamarekani wanaweza kumwita mwanamke "dude" wakimkabili, lakini wakisema waliona "a dude" amesimama kituo cha basi, wanamaanisha mwanamume tu. Neno la kuita limepanuka, neno la kutaja limebaki palepale. Msichana mmoja wa darasa langu, anayefanya kazi jikoni, alifurahi siku wenzake walipoanza kumwita hivyo, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wakimwita "sweetie" kwa namna ambayo hakuipenda. Mwingine alikataa kabisa: alisema hakuvuka bahari ili aitwe mwanamume. Wote wawili wako sahihi, na wapo wanawake wa Marekani wenye msimamo kama wa huyu wa pili. Niliwaambia jinsi ya kusema kwa upole, "niite kwa jina langu," na jinsi ya kulisema jina lenyewe pole pole ili mwenyeji alishike.

Najua wapo walimu nyumbani watakaosoma hapa na kusema mwalimu huyu anafundisha uhuni. Nimesikia hoja hiyo tangu nikiwa mwanafunzi: misimu inaharibu lugha, mtoto afundishwe Kiingereza safi. Kiingereza safi nakifundisha, na nakipenda. Lakini mtu aliyefaulu mtihani wa Kiingereza kwa alama za juu na asijue kama ametukanwa au ameamkiwa hajafundishwa Kiingereza, amefundishwa mtihani. Wanafunzi wangu hawana muda. Wanaingia kazini kesho saa kumi na mbili alfajiri, na neno la kwanza watakaloambiwa ni hili, au ndugu zake, "man" na "bro." Kwa vijana wa sasa "bro" na "bruh" zimelisogeza "dude" pembeni kiasi; anayelisema sana leo mara nyingi ni mtu aliyekua miaka ya 1980 na 1990. Hilo nalo ni la kujua, maana kijana wa miaka 19 akilibeba kila mahali ataonekana kaazima mdomo wa baba yake mdogo.

Lipo jambo zito zaidi linalonifanya nisiwe na subira na wanaodharau maneno haya. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya jimbo la Louisiana iliombwa kuangalia kesi ya mtu mweusi aliyekuwa amehojiwa na polisi kwa kosa zito. Katika mahojiano aliwaambia, kwa Kiingereza cha mtaani, kwamba kama wanafikiri ni yeye, basi wampe wakili, "dawg." Hilo ni ndugu wa "dude": limetokana na neno la mbwa, lakini humaanisha rafiki, mwenzangu, na hapo lilikuwa likiwaita wale polisi tu. Kwenye kumbukumbu likaandikwa "lawyer dog," yaani wakili mbwa. Mahakama ilikataa ombi lake kwa majaji sita dhidi ya mmoja. Jaji Scott Crichton, akieleza kwa nini alikubaliana na wenzake, aliandika kwamba kutaja "lawyer dog" kulikuwa na utata na hakukuhesabika kuwa ni kudai wakili.

Msomaji, rudia hiyo. Mtu ameomba wakili. Neno la mwisho lilikuwa la kumwita aliye mbele yake, sawasawa na sisi tunavyosema "nipeni wakili, jamani." Sijui Mswahili yeyote ambaye angesikia sentensi hiyo na kuuliza wakili jamani ni wakili wa aina gani. Watu waliokaa benchi la juu kabisa la jimbo, wazaliwa wa nchi ile ile na wasemaji wa lugha ile ile, waliliacha neno hilo lihesabiwe kuwa utata, kwa sababu lugha ya mtu yule hawakuona haja ya kuisikiliza kwa heshima. Wanaisimu na wanasheria wengi walilia na uamuzi ule, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliousoma kwa uchungu. Ikiwa mwenyeji alinyimwa maana ya sentensi yake mwenyewe, mgeni mwenye lafudhi ya Kivu atafanywaje?

Kwa hiyo somo la "dude" kwangu halimaliziki kwenye vicheko. Likifika mwisho nageuza ukurasa na kufundisha mahali ambapo maneno haya yote yanawekwa kando. Tangu mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani imeshikilia kwamba anayehojiwa na polisi lazima adai wakili kwa maneno yasiyo na utata. Baharia aliyesema "labda niongee na wakili" alihesabiwa hajadai. Kwetu "labda" hiyo ni adabu. Tunaomba kwa kuzunguka, hatumwamrishi mkubwa, na mwenye mamlaka akisimama mbele yetu sauti inashuka yenyewe. Adabu yetu nzuri inaweza kumpotezea mtu haki yake, na hilo nalisema wazi, mbele ya wazee pia.

Tunafanya mazoezi ya sentensi mbili, kila mmoja kwa zamu, akisimama: "I want a lawyer." "I want a Swahili interpreter." Hakuna "maybe," hakuna "if it is possible," na hakuna neno lolote la urafiki mwishoni. Wazee wanaona ni ukali kumwambia mtu hivyo bila kumpa heshima yake. Anayetaka kuongeza "sir" anaruhusiwa, ila aitangulize mbele, apumue, halafu aseme sentensi yote mpaka mwisho.